UZI: Mfano wa marashi tuliosomeshwa shuleni una kasoro. Tuzungumze chembe zinavyotembea kweli

#1 Tone_la_Wino (mleta uzi)

Wakuu, salamu zenu.

Jana binti yangu alikuwa anakariri kwa sauti: "Difyusheni ni kusambaa kwa chembe kutoka mahali zilipokolea kwenda mahali zilipo chache. Mfano, ukifungua chupa ya marashi kwenye kona moja ya chumba, harufu hufika kona ya pili." Nikamwambia asome tena. Akasoma. Nikachukua karatasi nikapiga hesabu, jibu likaja siku tano.

Siku tano, wakuu, siyo dakika mbili!

Hesabu yenyewe hii hapa. Molekuli za hewa iliyo mbele ya pua yako hazina utulivu hata kidogo. Naitrojeni kwenye joto la kawaida la chumbani hukimbia wastani wa mita 470 kwa sekunde, yaani inaiacha hata sauti nyuma. Kwa mwendo huo chumba cha mita 3 kingevukwa kabla hujapepesa jicho. Tatizo ni kwamba molekuli hiyo haifiki mbali. Inakwenda kama nanomita 68 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), inagongana na mwenzake, inageuzwa, inagongana tena, na hivyo hivyo karibu mara bilioni 7 kwa sekunde. Ni kama mtu anayekimbia kwa nguvu zake zote katikati ya umati: jasho linamtoka, lakini ukimtazama baada ya muda yuko palepale, hatua mbili tu kando.

Kwa hiyo umbali haukui sambamba na muda. Ukitaka chembe zifike mbali mara mbili, subiri mara nne. Mara kumi, subiri mara mia. Molekuli za harufu kwenye hewa iliyotulia kabisa zina kipimo cha kusambaa cha kama sentimita mraba 0.1 kwa sekunde. Chukua sentimita 300, zidisha kwa zenyewe, gawanya kwa 0.2 (mara mbili ya hicho kipimo). Unapata sekunde 450,000, ambazo ni siku tano na ushee.

Sasa mbona harufu inakufikia upesi? Kwa sababu hewa ya chumbani haijatulia. Mlango umefunguliwa, mtu amepita, mwili wako wenyewe una joto na unaipandisha hewa inayokuzunguka. Hewa nzima inabeba harufu mgongoni kama mto unavyobeba majani. Huo ni mkondo. Difyusheni inamalizia kazi mwishoni tu, kwenye vipande vidogo vidogo.

Naomba tujadili, na mwenye la kunikosoa anikosoe.

#2 Ngoja_Waje

Nimeshakaa siti ya mbele. Ngoja waje wajuzi.

#3 Chaki_Nyeupe

Mleta uzi, mimi nafundisha sayansi na huo mfano nimeutumia miaka kumi na moja, kwa hiyo umenigusa panapouma. Nakubali. Mfano unaonyesha chembe zinaelekea wapi, hauonyeshi zinafika lini.

Ila kuna kosa jingine vitabuni ambalo mimi naliona kubwa zaidi, nalo ni vile visanduku vitatu vya hali za maada. Cha kwanza kimejaa duara zilizobanana, ndiyo yabisi. Cha tatu kina duara nne tano zimetawanyika, ndiyo gesi. Cha katikati wamechora duara zenye nafasi tele kati yake, wakaandika "kimiminika". Hicho si kimiminika, hiyo ni gesi iliyochoka!

Kama huniamini chukua bomba la sindano lisilo na sindano. Vuta hewa, ziba tundu kwa kidole, sukuma. Linaingia mpaka katikati halafu linarudi. Sasa vuta maji, toa mapovu yote, ziba, sukuma. Utaumia kidole na halitasogea. Chembe za kimiminika zimegusana karibu sawa na za yabisi. Kinachotofautiana ni ruhusa ya kupita. Kwenye yabisi kila chembe inatetemeka pale ilipo, majirani ni walewale. Kwenye kimiminika chembe inaweza kumpenya jirani yake ikahamia kwingine, ndiyo maana maji yanafuata umbo la chombo.

Pengo la kweli liko kati ya kimiminika na gesi. Maji yakigeuka mvuke kwa nyuzi 100, mvuke unachukua nafasi kama mara 1,600 ya maji uliyoanza nayo. Na maji yana ukaidi wake mwingine: yakiganda yanaongezeka kama asilimia 9 badala ya kupungua, ndiyo maana barafu inaelea na chupa iliyojaa hupasuka ikigandishwa. Kwa hiyo mkichora kisanduku cha barafu na cha maji, cha barafu ndicho kinachostahili nafasi zaidi. Hiyo sijaiona kitabuni hata mara moja.

#4 kijana_wa_nyuma

Mwalimu shikamoo. Swali la mtu aliyekuwa anakaa nyuma darasani. Maji yanachemka kwa 100. Nguo niliyoanika kivulini haifiki hata 40, na inakauka. Yale maji yaligeukaje mvuke?

#5 Chaki_Nyeupe

Marahaba mwanangu, na swali lako ni zuri kuliko ya wengi waliokaa mbele.

Jotoridi ni wastani. Ukiambiwa wastani wa umri wa familia ni miaka 25, haina maana kila mtu ana 25. Yupo bibi na yupo mtoto mchanga. Kwenye maji ya nguo yako wapo wazembe na wapo wenye mbio. Molekuli iliyo juu kabisa ikigongwa vizuri na majirani zake, inapata nguvu ya kuchomoka na kwenda zake. Inayofuata hivyo hivyo. Uvukizi ni huo, na unatokea kwenye uso wa maji katika joto lolote. Kuchemka ni jambo lingine: hapo mvuke una nguvu ya kutosha kufanya povu ndani kabisa ya maji bila kubanwa na hewa ya nje.

Na kwa kuwa wanaochomoka ni wale wenye mbio, waliobaki ni wa polepole. Wastani unashuka. Ndiyo ile baridi inayokushika ukitoka majini upepo ukivuma.

Kuna bei yake pia. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunataka kilojuli 334. Kuigeuza kilo hiyohiyo ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunataka kama 2,260. Kulegezana si sawa na kuachana kabisa.

#6 Hadubini_Kuukuu

Niongeze historia kidogo maana naona uzi umepata watu.

Aliyetuonyesha mtikisiko huu ni mtaalamu wa mimea, Robert Brown, mwaka 1827. Wengi husimulia kwamba aliona chavua zikicheza kwenye maji. Si hivyo. Chavua nzima ni kubwa mno kwa mchezo huo. Alichoona ni vipunje vidogo vilivyotoka ndani ya chavua, vinatikisika bila kukoma. Mtu mwingine angesema "naam, ni uhai wa mmea" akafunga daftari. Brown akajaribu unga wa kioo, unga wa mawe, vitu ambavyo havijawahi kuwa hai. Vyote vikatikisika. Uhai ukatoka kwenye orodha.

Jibu likachelewa. Mwaka 1905 Albert Einstein akaonyesha kwa hesabu kwamba kipunje kinasukumwasukumwa na molekuli za maji tusizoziona, na akatabiri kitahama umbali gani kwa muda gani. Ni ileile kanuni ya mleta uzi, mara mbili kwa mara nne. Jean Perrin akakaa na hadubini akapima, ikakubali, na mwaka 1926 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Hadi miaka michache kabla ya vipimo vyake walikuwepo wanasayansi wakubwa waliodai atomu ni njia ya kupigia hesabu tu, si kitu kilichopo.

#7 Tone_la_Wino

Asante mkuu #6, hiyo ya vipunje vya ndani sikuwa naijua. Nilikuwa miongoni mwa "wengi husimulia".

#8 Sina_Imani

Mimi nasubiri mtu aniambie na vyuma navyo vinatembea. Pete yangu ya dhahabu iko kidoleni miaka ishirini, mbona haijaingia mwilini?

#9 Hadubini_Kuukuu

Kidoleni hapana. Lakini mwaka 1896 William Chandler Roberts-Austen alionyesha kwamba dhahabu husafiri ndani ya risasi (namaanisha metali, si ya bunduki) wakati risasi bado ni yabisi, haijayeyuka. Mafundi wa vyuma wanaishi kwa jambo hili: gia ya chuma inawekwa kwenye tanuri la nyuzi 900 na kitu pamoja na gesi yenye kaboni, na baada ya saa kadhaa kaboni imeingia kama milimita moja. Nje inakuwa ngumu, ndani inabaki na ustahimilivu. Milimita moja kwa saa kadhaa, tena kwenye moto huo. Kwa joto la kidole chako usisubiri.

#10 Chaki_Nyeupe

Kwa wanaotaka kuona mbio za gesi kwa macho: bomba refu la kioo, limelazwa. Mwisho mmoja pamba yenye amonia, mwisho wa pili pamba yenye asidi ya haidrokloriki, ziba pande zote. (Fanyeni kwenye maabara yenye kitoa hewa. Mivuke hii inachoma macho na mapafu, nimeshawahi kukohoa nusu saa nzima.) Baada ya dakika kadhaa inatokea pete nyeupe, kama moshi uliokwama. Hapo ndipo gesi mbili zimekutana zikafanya chumvi ya amonia.

Pete haiko katikati. Iko karibu na upande wa asidi, kwa sababu molekuli ya amonia ina uzito wa 17 na ya asidi 36.5. Thomas Graham alishaona kanuni hii karne ya 19: mwendo unapungua kwa kipeuo cha pili cha uzito. Gawanya 36.5 kwa 17, tafuta kipeuo cha pili, unapata kama 1.46. Na tazameni muda. Molekuli ya amonia ina mwendo wa mita 600 hivi kwa sekunde, lakini imetumia dakika kuvuka urefu wa mkono.

Tofauti hiyo ya uzito ndiyo ilitumika Oak Ridge, Marekani, kutenganisha aina mbili za urani. Gesi mbili za urani zenye uzito wa 349 na 352, tofauti ya mwendo haifiki nusu asilimia, kwa hiyo zilipitishwa kwenye vichujio hatua kwa hatua, maelfu ya hatua.

#11 Nesi_wa_Zamu

Uzi mtamu. Nina swali ambalo nimelibeba tangu chuo. Dripu ya chumvi ni asilimia 0.9. Dripu ya glukosi ni asilimia 5. Zote mbili tunaambiwa "zinalingana na damu". Moja ni zaidi ya mara tano ya nyingine, zinalinganaje? Niliuliza, nikajibiwa "kariri".

#12 Tone_la_Wino

Dada, swali lako linatuingiza kwenye osmosisi, yaani maji kuvuka utando, kupitia mlango wa mbele.

Kwanza tuiondoe kauli ya "chumvi inavuta maji". Hakuna kamba. Fikiria utando wenye matundu ambayo molekuli ya maji inapenya na chumvi haipenyi. Upande wa kushoto maji matupu, kulia maji yenye chumvi. Molekuli zinaugonga utando pande zote mbili, na maji yanavuka pande zote mbili, muda wote. Watu wengi hili hawalijui, wanadhani yanakwenda upande mmoja. Tofauti ni kwamba upande wa chumvi maji yamechanganyika na wageni wasioweza kupita, kwa hiyo wanaofanikiwa kuvuka kutoka huko ni wachache kidogo. Wanaoingia wanawazidi wanaotoka. Upande wa chumvi unajaa. Hakuna molekuli hata moja iliyojua inakokwenda.

(Wataalamu mnaosoma, najua mwendo ndani ya tundu lenyewe una mambo yake zaidi ya haya. Tuache kwanza.)

Jean-Antoine Nollet aliona hili mwaka 1748. Alijaza pombe kali kwenye chombo, akafunga mdomo kwa kibofu cha mnyama, akakizamisha ndani ya maji. Kibofu kikavimba. Wilhelm Pfeffer akapima shinikizo lake mwaka 1877, kisha Jacobus van 't Hoff akaona jambo la ajabu: shinikizo la osmosisi halijali ni chembe za nini. Linajali ni ngapi. Ndiye aliyepata Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya kemia, 1901.

Sasa tuhesabu dripu zako. Lita moja ya asilimia 0.9 ina gramu 9 za chumvi. Moli (kipimo cha kuhesabia idadi ya chembe) moja ya chumvi ni gramu 58.4, kwa hiyo una moli 0.154. Lakini chumvi ikiingia majini inaachana, sodiamu kivyake na kloridi kivyake, kwa hiyo zihesabu mara mbili: 0.308. Lita ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50. Moli ya glukosi ni gramu 180, nayo haigawanyiki. 50 kwa 180 ni 0.278. Damu iko kama 0.29.

Umeona? Kwa uzito zimepishana mara tano na nusu. Kwa idadi ya vichwa ni majirani.

#13 Nesi_wa_Zamu

Nimeisoma mara tatu. Kumbe ilikuwa hesabu ya mistari minne! Ndiyo maana pia maji matupu hayachomwi mshipani: chembe nyekundu zinapokea maji, zinavimba, zinapasuka. Na mmumunyo mkali kupita kiasi zinasinyaa, ukizitazama kwenye hadubini zina vijimiba pembeni.

Tena mkumbuke kwenye seli maji hayapiti kwenye utando tu hivihivi. Kuna milango ya protini, akwaporini. Peter Agre alipata Nobel kwa kuigundua, mwaka 2003. Mlango mmoja unapitisha hadi molekuli bilioni 3 kwa sekunde, zinapita moja moja kwa mstari.

#14 Mche_Mkavu

Sasa nimeelewa nilivyoua mimea yangu. Nilikuwa na miche kumi na miwili kwenye vyungu, inakua polepole, nikaona niisaidie. Pakiti ilisema kijiko kwa ndoo, nikaweka kijiko kwa kopo. Asubuhi yake majani yamelala. Nikadhani kiu, nikamwaga kopo jingine la mbolea ileile. Udongo unachuruzika maji na mmea unakufa kwa kiu! Waliopona ni wawili.

#15 Hadubini_Kuukuu

Pole mkuu. Kwenye udongo chembe zilizoyeyuka zilikuwa nyingi kuliko ndani ya mizizi, kwa hiyo maji yalikuwa yanatoka mizizini kwenda nje. Ungemwagilia maji matupu mengi, yakatiririka chini ya chungu na kuondoka na mbolea, ungeokoa zaidi.

Seli ya mmea ina ukuta, kwa hiyo kwenye maji matupu haipasuki kama chembe ya damu. Inajaa, inasukuma ukuta, inakuwa ngumu kama tairi lililojazwa upepo. Jani husimama kwa shinikizo hilo. Upepo ukitoka, linalala.

#16 kijana_wa_nyuma

Na vidole kukunjamana ukikaa sana majini, ni osmosisi?

#17 Nesi_wa_Zamu

Hapana, ingawa kila mtu anasema hivyo. Tangu miaka ya 1930 waganga waliona kwamba kidole ambacho neva yake imekatika hakikunjamani hata ukikiloweka. Ingekuwa ni maji kuingia kwenye ngozi tu, neva isingehusika. Ni mishipa midogo ya damu inayojibana kwa amri ya neva.

#18 Sina_Imani

Mimi bado na mleta uzi. Nimefanya jaribio. Glasi ya maji, tone la wino. Limefika chini kwa sekunde nne. Wapi hiyo ya kusubiri siku?

#19 Tone_la_Wino

Lilishuka likiwa na mikia inayojisokota, sivyo? Huo ni mkondo tena. Tone ni zito kidogo kuliko maji, linazama lenyewe, na maji uliyoyamimina bado yanazunguka. Ukitaka difyusheni peke yake uzuie mikondo. Koroga jelatini na maji ya moto, mimina kwenye glasi, iache igande kabisa, kisha weka wino juu. Ndani ya jelatini maji yapo na molekuli zinapita, ila haziwezi kutiririka. Weka alama kwa kalamu nje ya glasi, funika, weka mahali pa baridi.

Na ukiwa unasubiri, fikiria hili. Oksijeni kwenye maji inavuka sehemu moja ya mia ya milimita kwa kama sekunde 0.025. Sentimita moja, saa 7. Mita moja, karibu miaka 8. Seli ni ndogo kwa sababu hiyo, na moyo unasukuma damu kwa sababu hiyo. Bila mkondo wa damu, vidole vya miguu vingengoja oksijeni ya mapafu zaidi ya muongo.

#20 Sina_Imani

Narudi na matokeo. Siku ya kwanza wino umeshuka milimita 9. Siku ya pili nikategemea 18, nikakuta 13 tu, nikakaribia kuja kukutukana hapa. Nikasema ngoja. Leo ni siku ya nne, nimepima mara mbili kwa rula: 18, labda 17 na nusu, maana ukingo umefifia.

Mara mbili kwa mara nne. Kama hesabu ni ya kweli, siku ya tisa niikute 27. Alama nimeshaichora kabisa kwenye glasi, na nimewaambia wa nyumbani asiiguse mtu.